Mkutubi wa Kuazimwa

Kuna watoto wanaoanza kutembea kwa kumfuata mama. Huyu alianza kwa kuufuata mlango. Mama yake, mshonaji wa nguo, alichuchumaa sakafuni akamnyooshea mikono yote miwili, "njoo, njoo, njoo kwa mama," na mtoto akampita kama hamjui, akaenda zake mpaka kizingitini, akashika mwimo, akachungulia nje. Mama akabaki na mikono yake hewani na pini zake mdomoni. Alipozitoa alisema, "Haya. Nimezaa kiguu na njia."

Jina likanata kama gundi. Shuleni walimu walilitumia, mtaani likakatwa mkia likabaki Kiguu, na mpaka leo ukimwita kwa jina lililoandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa huenda asigeuke.

Mtu wa miguu kama hiyo ungetegemea awe tarishi, au dereva, au mchuuzi wa kutembeza bidhaa. Yeye akawa mkutubi. Mama alipoambiwa kwamba binti yake amechaguliwa chuo cha ukutubi, na kwamba ukutubi ni kazi ya kutunza vitabu ndani ya nyumba ya kimya, alicheka mpaka cherehani ikasimama. "Kukaa kitini kutwa? Wewe? Basi wakupe kiti chenye mkanda."

Kiguu alicheka naye. Hakuvutwa na kukaa. Alivutwa na kile kikaratasi kinachobandikwa mwishoni mwa kitabu cha maktaba, kile kinachopigwa muhuri wa tarehe kila kitabu kinapotoka. Tangu utotoni alisoma kikaratasi kwanza, hadithi baadaye. Hiki kimetoka mara nne mwezi mmoja. Hiki kimekaa miaka tisa hakijaguswa, halafu ghafla wiki hii mtu amekitaka. Nani? Kwa nini? Watu wengine walidhani vitabu vimetulia rafuni. Kiguu alijua vinatembea kuliko dereva, vinalala kwenye nyumba za watu, chini ya mito ya watu, halafu vinarudi vimenyamaza kama havikuona kitu.

Alimaliza chuo kwa miaka miwili, akapata kazi kwenye maktaba ya mji. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha manane, mawili hayafungi, na feni ya dari iliyolia kila ilipomaliza mzunguko. Mkuu wake alikuwa mzee mwembamba aliyeitwa Mzee Kimya. Hakuitwa hivyo kwa sababu ya kusema "kimya". Neno hilo hakulisema hata siku moja. Alikutazama tu, na wewe mwenyewe ukaanza kupumua polepole. Alimfundisha Kiguu kushona kitabu kilichoachia kurasa, kupaka gundi bila kuacha uvimbe, na kugeuza vigurudumu vya muhuri wa tarehe kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Na alimpa sheria moja.

"Kitabu kilichoibwa tunajua hakipo," alisema. "Kilichorudishwa rafu isiyo yake, kipo na hakipo. Hicho ndicho kimepotea kweli. Kitafute."

Basi miguu ikapata kazi. Kiguu hakukaa kaunta isipokuwa kuna mtu wa kumhudumia. Saa nyingine zote alizunguka kwenye rafu akichomoa vitabu vilivyopotea njia, anakwenda, anarudi, mpaka mzee alipomwita.

"Kiguu, keti kidogo. Unawapa wasomaji kizunguzungu."

"Mzee, nikiketi nasinzia."

"Basi tafuta viatu vingine. Hivyo vinasoma kwa sauti."

Kuna jambo dogo lilitokea pale kaunta, nalo ulishike vizuri kwa maana litarudi. Mama yake aliazima kitabu cha mishono ya magauni. Muda ulipokwisha akaja nacho kwapani, akakiweka kaunta bila kukiachia.

"Niongezee wiki mbili, mwanangu. Ndio kwanza nimefika kwenye mikono."

Kiguu akafungua sanduku la kadi, akapekua. "Haiwezekani, mama. Kuna mtu anakingoja."

"Nani?"

"Huwa hatusemi. Ni fundi mwenzako tu."

"Yule wa karibu na kituo cha mafuta? Yule hajui hata kukunja pindo."

"Mama, utaratibu ndio huo. Mtu akitaka kuongeza siku, tunaangalia kwanza kama kuna mwingine anakingoja. Kama yupo, kitabu kinarudi."

"Hata kwa aliyekuzaa?"

"Hata kwake." Kiguu akatazama kikaratasi. "Na umechelewa siku moja."

"Jana nilikuwa na mteja."

"Wote husema hivyo."

Mama akakiachia kitabu kidole kimoja kimoja. Alikwenda amenuna mpaka kona, halafu akaanza kucheka peke yake, na kwa mwezi mzima alimsimulia kila mteja jinsi alivyofukuzwa maktabani na mtoto wa tumbo lake. Gauni alilokuwa akimshonea mteja lilimalizwa bila mikono. Mwenyewe alilipenda.

Mwaka wa tatu wa kazi Kiguu akapata mtoto wa kike. Baba wa mtoto alikuwa msomaji wa magazeti aliyekuja kila siku, halafu akaacha kuja. Zaidi ya hapo hana nafasi katika hadithi hii. Mtoto alizaliwa ametulia. Ungemweka mkekani na kishikizo kimoja cha shati, akakitazama mbele, akakitazama nyuma, mpaka chai ikachemka na kupoa. Bibi yake akamwita Kishikizo. "Huyu amekuja kumfunga mama yake," alisema.

Hakumfunga. Kiguu alimnyonyesha akitembea, kutoka dirishani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani, na mtoto akazoea kulala kwa mdundo wa hatua. Ukisimama tu, anafumbua macho.

Kishikizo alipofika miaka mitatu, barua ilikuja maktabani. Chuo kikuu kimoja cha ughaibuni kilikuwa na vitabu vingi vya Kiswahili vilivyowekwa chini ya jengo bila mtu wa kuvielewa. Walitaka mkutubi kwa mwaka mmoja, peke yake, bila familia. Mzee Kimya alikaa na barua ile siku mbili ndani ya mtoto wa meza kabla hajaisukuma mbele ya Kiguu.

"Nikikuonyesha nitakupoteza," alisema. "Nisipokuonyesha nitakuwa nimekuweka rafu isiyo yako."

Nafasi yake ingetunzwa mwaka mmoja kamili. Ukipita, angepewa mwingine, na waliokuwa wakiitolea macho hawakuwa wachache.

Nyumbani mama alikata uzi kwa meno. "Nitakaa na Kishikizo mwaka mmoja. Mmoja. Sio mmoja na kidogo."

"Mmoja, mama."

"Kwa mdomo hata kasuku anasema. Lete kile kikaratasi chenu."

Kiguu alidhani ni utani, lakini mama hakucheka. Basi kesho yake Mzee Kimya mwenyewe aligeuza vigurudumu mpaka mwaka unaofuata, akapiga muhuri kwenye kikaratasi kipya: tarehe kumi na nne, mwezi wa nane. Kiguu akakibandika nyuma ya mlango wa chumba, chini, usawa wa macho ya mtoto wa miaka mitatu.

"Hii ikifika, mama anarudi," alimwambia.

Kishikizo akaigusa kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole kama kimeshika wino.

Huko ughaibuni alipewa chumba ghorofa ya nne, hatua saba kutoka dirishani hadi mlangoni. Alizihesabu siku ya kwanza, na siku ya pili akazihesabu tena, labda zimeongezeka usiku. Dirisha lilitazama ukuta. Chuma cha kupashia joto kiligonga-gonga kwa ndani kama mtu anayeomba afunguliwe. Sanduku lake alilifungua, akalifunga, akalifungua. Wiki tatu nzima hakuzipanga nguo kabatini, alichomoa moja moja kama mtu ambaye bado yuko safarini.

Maktaba yenyewe ilikuwa na ghorofa tisa juu ya ardhi na mbili chini, naye alipangiwa chini kabisa. Huko taa zilikuwa na akili zao. Zikiona mtu anatembea zinawaka. Mtu akitulia dakika chache, zinazima. Wenzake walizichukia. Ukipita ungemkuta mtu ameinamia kitabu huku mkono mmoja anaupunga hewani kama anafukuza nzi, asije akaachwa gizani. Kiguu hakupunga hata mara moja, na taa hazikupata kumzimikia. Bosi wake alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani puani, miwani nyingine kichwani, na muda wote anatafuta ya tatu. Kiguu alimwita Mama Miwani, kimoyomoyo.

"Tumekuwa tukisubiri mtu kama wewe," Mama Miwani alimwambia kwa lugha ya kule. "Chumba hiki kilijengwa kwa ajili ya miguu yako."

Kila Jumapili asubuhi alipiga simu nyumbani. Mwezi wa kwanza Kishikizo alilia na kung'ang'ania simu mpaka bibi yake aivute. Mwezi wa tatu alisimulia: paka amezaa, kiatu kimeraruka. Mwezi wa sita alikuwa na shughuli zake.

"Nimemkatia kiazi, nimekichonga kama muhuri," mama alieleza. "Kutwa anapiga mihuri. Amepiga ukuta, amepiga vitambaa vya wateja. Jana nimesinzia kitini, nimeamka nina tarehe shavuni."

"Mpe simu."

Ilisikika minong'ono, kisha pumzi ndogo karibu kabisa na sikio lake.

"Wewe ni mama wa kwenye simu?"

"Mimi ni mama."

"Mama wa kwenye simu," Kishikizo akasahihisha, akairudisha simu kwa bibi, akaenda zake kucheza.

Siku ile Kiguu alitoka bila kujua anakwenda wapi. Alipita daraja, akapita lingine, akazunguka uwanja wa mpira ambao haukuwa na mtu, akaingia duka la viatu akatoka, akaingia tena akanunua soksi za mtoto kwa kukisia mguu. Alisimama na zile soksi mkononi. Hakujua kama mguu umekua kidole kimoja au viwili.

Mwezi wa tisa akashuka chini mwanafunzi mmoja mwenye mvi. Alikuwa muuguzi mstaafu aliyerudi shule uzeeni kwa kupenda tu, na Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kimepigwa pasi.

"Hujambo, bibi mkutubi. Mimi ninatafuta vitabu vya mwandishi mkubwa wa lugha yako. Ameandika vitabu sitini na kimoja."

"Sitini na kimoja? Anaandika kuhusu nini?"

"Kila kitu. Riwaya, ukunga, hesabu za darasa la tatu, ufugaji wa nyuki. Hakuna picha yake hata moja. Ninafikiri yeye ni mtu mnyenyekevu sana."

Kiguu akaona haya. Mkutubi mzima, na mwandishi wa namna hiyo hajapata kumsikia. "Anaitwa nani?"

Mwanafunzi akafungua faili lake nene, akasoma kwa heshima. "Zimehifadhiwa."

"Nani?"

"Zimehifadhiwa ni jina la ukoo. Jina lake ni Haki. Zote, ninafikiri, ni jina la babu."

Kicheko kilimpanda Kiguu kutoka kwenye nyayo. Alishika rafu kwa mikono miwili akakimeza, kwa sababu lile faili mwanafunzi alilikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala. Akachomoa kitabu cha kwanza, cha nyuki. Akafungua nyuma ya ukurasa wa jina, pale chini penye maandishi ya wachapaji, akaweka kidole.

"Dada," alisema polepole, "huyu si mtu."

"Amekufa?"

"Hajazaliwa."

Mwanafunzi akasoma ule mstari, midomo ikitikisika. Haki zote zimehifadhiwa. Akachukua kitabu cha pili, akafungua palepale. Cha tatu. Alipofika cha saba alikaa sakafuni, mgongo kwenye rafu, miguu ameinyoosha.

"Kurasa themanini," alisema. "Nimeandika sura nzima kuhusu upweke wake."

Hapo ndipo Kiguu aliposhindwa. Alicheka mpaka akakaa naye sakafuni, na mwanafunzi baada ya kumtazama kwa uchungu akaanza kucheka naye, na taa zikaendelea kuwaka kwa sababu mabega yao yalitikisika.

Lakini ukikiangalia kisa kwa upande wa pili hakikuchekesha. Miaka thelathini nyuma mtu asiyejua lugha aliandikisha vitabu vile. Kila alipofungua aliuona mstari ule ule, akadhani ndilo jina. Na Haki Zote hakuwa peke yake. Kwenye orodha kulikuwa pia na bwana mmoja Chapa ya Kwanza, na mdogo wake Chapa ya Pili. Waandishi wa kweli, watu waliokaa wakaandika huku watoto wanalia, hawakuwemo. Ukiwatafuta kwa majina yao huwapati. Vitabu vilikuwepo na havikuwepo.

Mama Miwani alisikiliza, akashusha miwani ya kichwani akaivaa juu ya ile ya puani.

"Utahitaji muda kusafisha haya," alisema. "Miaka miwili zaidi. Baada ya hapo kazi ya kudumu, mkuu wa sehemu. Nijibu Ijumaa ya wiki ijayo."

Si uongo, moyo ulimruka. Kwa mara ya kwanza alijua kitu ambacho jengo zima la ghorofa tisa halikukijua. Na mkuu wa sehemu husafiri: mkutano huku, mafunzo kule, miji ambayo hata majina yake hajui kuyatamka. Miguu ilisikia hilo kabla ya kichwa. Siku tatu alikwenda kazini kwa njia tatu tofauti, akala amesimama, akajipangia maneno. Mtoto anakula vizuri. Mtoto analala vizuri. Mtoto hata halii tena. Hilo la mwisho alilisema mara nyingi zaidi, na kila akilisema lilimchoma mahali palepale.

Ikafika Jumapili. Akapiga simu, akamweleza mama yake yote, Haki Zote na ukoo wake, na mama akacheka sana. Kisha akasema lile lingine haraka-haraka, kama mtu anayebandua bandeji.

"Wananiongezea miaka miwili. Halafu labda nije nimchukue."

Upande wa pili cherehani ikanyamaza. Kiguu akajiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na majibu ya ugomvi.

"Hebu nikumbushe," mama alisema kwa upole. "Pale maktabani kwenu, mtu akija kutaka kuongeza siku, huwa mnafanyaje?"

"Mama."

"Ulishaniambia, najua. Mimi mtu mzima, nasahau."

"Tunaangalia kwanza kama..."

"Kama nini?"

"Kama kuna mwingine anakingoja."

"Eeh," mama alisema. "Basi angalia."

Cherehani ikaanza tena, na simu ikakatwa.

Jumatatu Kiguu alishuka chini kama kawaida, akafungua boksi la kwanza, akakalia la pili. Alikuwa na kitabu cha hesabu mkononi, wala hakukigeuza ukurasa. Kwa macho ya moyo alimwona Kishikizo akiwa amechuchumaa nyuma ya mlango, kidole kwenye wino uliokwisha kukauka zamani. Hakujua amekaa muda gani hivyo. Alichojua ni kwamba taa zilizima.

Alikaa humo humo gizani. Maji yalipita mabombani juu ya kichwa chake. Miguu yake, yote miwili, ilikuwa sakafuni kimya, na utulivu ule ulimtisha kuliko giza.

Hatua zikaja, taa zikawaka safu kwa safu, akatokea mwanafunzi mwenye mvi.

"Bibi mkutubi, kwa nini umeketi katika giza?"

"Kuna mtu ananingoja."

Mwanafunzi akatazama kushoto na kulia. "Hapa?"

"Hapana. Nyumbani." Kiguu akasimama, akaanza kuzunguka boksi. "Lile faili lako umelitupa?"

"Bado. Ninalitazama tu."

"Usilitupe. Vile vitabu sitini na kimoja umevisoma vyote?"

"Vyote. Mara mbili."

"Basi hakuna mtu katika jengo hili anayevijua kama wewe. Wewe unajua hiki kinafanana na kile, huyu anapenda mvua, huyu hawezi kumaliza sura bila kifo. Ulidhani ni mtu mmoja mwenye tabia nyingi. Sasa watenganishe. Njoo kesho na penseli."

Ijumaa alimjibu Mama Miwani. Atamfundisha mwanafunzi kwa miezi iliyobaki, na akishaondoka, ukurasa wowote utakaowashinda wampigie picha wamtumie, atawajibu akiwa kaunta yake ya zamani.

"Ungekuwa mkuu wa sehemu," Mama Miwani alisema.

"Najua."

"Nafasi kama hii haiji mara mbili."

"Huenda."

Alitoka nje, akalizunguka jengo mara tatu kwenye baridi, na kila alipofika mlangoni mkono wake ulikinyookea kitasa arudi akaseme amebadilisha mawazo. Mara ya nne akanyoosha moja kwa moja mpaka chumbani kwake.

Miezi ile mwanafunzi alifanya kazi taratibu na kwa makini, huku anapunga mkono wake mmoja. Kitabu kwa kitabu Haki Zote alinyang'anywa mali aliyopewa na wageni. Nyuki wakaenda kwa mfuga nyuki, ukunga kwa mkunga mmoja aliyekuwa na jina zuri refu. Siku ya mwisho kilibaki kimoja, kimechanika kurasa za mbele, hata wao wawili hawakuweza kukisia ni cha nani.

"Hiki," mwanafunzi alisema bila kumtazama usoni, "tunaweza kumwachia Haki Zote?"

Kiguu akakishika kidogo. Kazi haifanywi hivyo. "Mwachie," akasema.

Ndege ilichelewa, na iliyofuata ikaondoka bila yeye. Alifika nyumbani tarehe kumi na tano, mchana, sanduku likiburuza gurudumu moja bovu. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, pini mdomoni. Alizitoa moja moja, bila haraka.

"Umechelewa siku moja."

"Ndege, mama."

"Wote husema hivyo." Halafu mama akasimama, akamshika mabega, akamgeuza mbele na nyuma kama anavyokaguliwa mteja aliyevaa gauni jipya. "Hapa amepungua. Hapa amechakaa kidogo. Lakini kurasa zote zipo."

Kishikizo alikuwa nyuma ya kiti cha bibi yake, amerefuka, kiazi mkononi. Hakukimbia kuja. Alimtazama mgeni yule kuanzia juu, polepole, akashuka mpaka miguuni, na pale miguuni akakaa muda mrefu. Kiguu akachuchumaa. Akajizuia kusema njoo. Alikumbuka alivyosimuliwa mikono ya mama yake ilivyobaki hewani, akaiweka yake magotini.

Mtoto akaja mwenyewe, akamshika kiganja, akakifungua, akagonga kiazi katikati. Wino ulikuwa umebaki kidogo, muhuri ukatoka nusu.

"Umerudishwa," akasema, na akarudi kwa bibi yake.

Soksi hazikumwenea.

Wiki ya kwanza alikuwa bado hamwiti mama, alimwita "wewe." Kiguu alirudi kazini kwa Mzee Kimya, aliyemtazama tu na kumsogezea muhuri ageuze tarehe, na jioni alirudi nyumbani akashindwa kuketi. Dirishani, mlangoni. Mlangoni, dirishani. Nyumba ilikuwa ndogo kuliko alivyoikumbuka, hatua tano. Ughaibuni zilikuwa saba, akajikuta anazililia zile mbili, akajionea haya, akageuka tena.

"Utanitobolea sakafu," mama alisema bila kuinua kichwa.

Siku ya nane alikuwa hivyo hivyo, anakwenda anarudi, Kishikizo alipoinuka mkekani. Akamkingia njia. Kiguu akasimama. Mtoto akamshika sketi kwa mikono miwili, akapanda kwa mguu mmoja juu ya mguu wa mama yake, kisha kwa wa pili, akajiegemeza tumboni pake. Alikuwa mzito kuliko mwaka jana.

Kiguu hakuthubutu kujitikisa.

Kishikizo akasubiri. Akainua uso. "Mbona umesimama?" akasema. "Tembea."